Thermo 42i: NO yake iamini, NO2 yake ihoji

Thermo 42i ni kifaa cha kupima oksidi za nitrojeni hewani au kwenye moshi. Kioo chake kinaonyesha namba tatu: NO, NO2 na NOx, yaani jumla ya hizo mbili. Kifaa chenyewe kinajua kupima NO tu. Nyingine zinapatikana kwa kubadilisha gesi na kufanya hesabu ya kutoa. Anayelielewa hilo kabla ya kununua hatajuta.

Sampuli hukutana na ozoni ndani ya chumba kidogo chenye shinikizo la chini. NO inageuka NO2, na sehemu ya NO2 hiyo huzaliwa na nishati ya ziada ambayo huitua kwa kutoa mwanga. Mwanga huanzia karibu nanomita 600, na kilele chake kiko karibu 1,200, ambako jicho halioni kitu na bomba la kukuza mwanga, PMT, huambulia ukingo tu. Ndiyo maana PMT hupozwa hadi nyuzi −3 za Selsiasi, la sivyo kelele yake ingemeza NO iliyo kidogo. Kichujio chekundu kilicho mbele yake huzuia mwanga wa buluu unaotokea ozoni inapokutana na ethilini na jamaa zake.

Kwa NO, sina la kulalamikia. Kiwango cha chini kabisa inachoweza kukitambua ni 0.4 ppb (sehemu kwa bilioni) kwa wastani wa sekunde 60, na namba hupanda sambamba na gesi bila kupindapinda.

NO2 ndiyo yenye maneno. Vali ya umeme hupitisha sampuli kwa zamu, mara moja kwa moja chumbani, mara kupitia kibadilishi cha molibdenamu chenye joto la nyuzi 325, kinachoirudisha NO2 kuwa NO. Chumba ni kimoja, kwa hiyo lori likipita karibu na mdomo wa bomba kati ya zamu mbili, NO2 inaweza kusomeka chini ya sifuri. Huo si ugonjwa wa mashine. Ongeza muda wa wastani. Kasoro kubwa ni kwamba molibdenamu haichagui. Asidi ya nitriki, asidi ya nitrasi (HONO) na PAN, kiwanja cha nitrojeni kinachozaliwa hewani kwa nguvu ya jua, nazo hugeuzwa NO na kuhesabiwa kama NO2. Kando ya barabara yenye magari mengi utavumilia. Mbali na mji, mchana wa jua kali, namba inaweza kuwa kubwa mno kuliko ukweli. Hapo tafuta kibadilishi cha taa za LED za nanomita 395, ambacho huvunja NO2 na kuacha karibu vyote vingine.

Kwa kupima maabara vichocheo vya kusafisha moshi wa magari, tahadhari ni nyingine. Moshi wa petroli una CO2 na mvuke zaidi ya asilimia 10 kila kimoja, na molekuli hizo huinyang'anya NO2 nishati kabla haijatoa mwanga. Namba hushuka, na kichocheo kibovu kinasifiwa bure. Punguza sampuli kwa nitrojeni safi, au sawazisha kifaa, yaani rekebisha namba zake, kwa gesi ya kipimo kinachojulikana yenye CO2 ileile. Ukitafuta joto ambalo kichocheo kinaanza kazi, pandisha tanuri polepole, nyuzi 5 kwa dakika hivi, ili zamu za vali zisiachwe nyuma. Kwenye majaribio ya vichocheo vinavyotumia amonia kuondoa NOx, usiweke kibadilishi cha chuma cha pua cha nyuzi 600 na zaidi: huoksidisha amonia kuwa NO, na amonia iliyoponyoka itasomeka kama NOx.

Kusawazisha, tumia mtungi wa NO ndani ya nitrojeni, kamwe si ndani ya hewa. Regulata, yaani kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi, iwe ya chuma cha pua, uijaze na kuitoa gesi mara kadhaa; oksijeni iliyobaki humo hula NO kabla haijafika. Mabomba yawe ya Teflon. Kisha jaribu kibadilishi: weka NO 400 ppb, ongeza ozoni mpaka NO ishuke hadi 100, utazame NOx. Ikishuka hadi 388, umepoteza 12 kati ya 300, yaani ufanisi ni asilimia 96, ambayo ndiyo mpaka wa EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani. Chini ya hapo, badilisha molibdenamu.

Adui wa kila siku ni unyevu. Hewa inayoingia kwenye kitengeneza ozoni lazima iwe kavu, maana hewa yenye maji ikipigwa umeme huzaa asidi ya nitriki, na asidi hiyo hula kitengenezaji chenyewe. Mombasa au Dar es Salaam, chembe za kukaushia hubadilika rangi mapema sana. Kuwa na chupa ya akiba ya chembe zilizokwisha kukaushwa. Mtiririko wa sampuli ukishuka, anza na kichujio cha vumbi, kisha kapilari (kijibomba chembamba kinachodhibiti mtiririko) na oringi yake, ile pete ya mpira, kisha kiwambo cha pampu. Kiwambo kikipasuka mara kwa mara, mkaa wa kuua ozoni ulio kabla ya pampu umekwisha. Bomba la kutolea hewa lipeleke nje ya chumba.

Toleo la 42iQ limeshachukua nafasi yake, kwa hiyo nyingi utakazokutana nazo ni zilizotumika. Muuzaji aiwashe mbele yako, iachwe ipate joto saa moja na nusu, kisha afanye lile jaribio la ozoni. Akikosa mtungi wa NO, toa kwenye bei gharama ya kibadilishi kipya.