Tamasha la Lamu kwa kifurushi cha siku tatu: punda nyota tano, karatasi ya ratiba hata nusu nyota

Nianze na pesa. Shilingi elfu kumi na nne, watu wawili, siku tatu za Tamasha la Utamaduni la Lamu: vyumba viwili vya ghorofani mtaa wa Langoni, staftahi, viti viwili vya mbele ukingoni mwa bahari siku ya mbio za punda, na nafasi mbili kwenye mashua ya kwenda kutazama mashindano ya mashua. Mimi nakaanga mahamri Mji wa Kale, Mombasa, nauza shilingi kumi moja. Kwa hiyo nilitoa mahamri elfu moja na mia nne hata kabla sijapanda basi, na nina haki ya kusema niliyoyaona.

Nyumba ya wageni iliyoniuzia siitaji jina. Tulimalizana vizuri na mwenyewe, na mambo yaliyoharibika nitayaeleza yalivyokuwa.

Sikununua kwa ajili yangu. Ami yangu, ndugu yake mdogo baba, ana miaka sabini na nane. Alikuwa baharia wa majahazi ya boriti za mikoko, Lamu hadi Mombasa, na mara mbili alifika Ghuba, kabla serikali haijapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Toka hapo alikuwa hajarudi Lamu. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia analisifu kuliko linavyostahili. Nilimwambia, "Ami, nakupeleka ukatazame mashua." Akaniuliza, "Mwezi wa ngapi leo?" Nikamtajia tarehe. Akasema, "Si huo, mwanangu. Wa juu." Sikumtilia maanani, na hapo ndipo kosa langu la kwanza.

Safari naipita haraka. Basi hutoka Mombasa alfajiri, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Lami ipo. Muda wenyewe huliwa na vizuizi vya ukaguzi: shuka na kitambulisho mkononi, panda, shuka tena. Mokowe unavuka kwa boti, na vijana wa pale watakunyang'anya mzigo kwa mapenzi tu, kisha upande wa pili mapenzi yanageuka ankara. Patana bei kabla begi halijatoka mkononi mwako.

Chumba: kisafi, neti haina tundu, maji ya mfereji yana chumvi kidogo, upepo wa dirishani unatosha hutaki feni. Staftahi: chai nzuri ya tangawizi, mbaazi za nazi nazo hazina lawama. Mahamri yalikuwa na iliki ya kutosha lakini unga haukupumzika. Yakifika mezani yameshasinyaa katikati, na hamri likisinyaa ujue aliyelikanda alikuwa na haraka. Nilimwambia mpishi kwa upole. Kesho yake yalikuja yamefura, mashallah, na akasimama mlangoni mpaka nikauma la kwanza.

Jioni ya kwanza tulikwenda Mkunguni, ule uwanja mbele ya Ngome. Ngome hiyo ilimalizika kujengwa mwaka 1821, ikaja ikawa jela mpaka 1984, na Ami anakumbuka kupita nje yake akiwaona askari mlangoni. Sasa ni makumbusho, na wakati wa tamasha uwanja wake ndio sebule ya mji mzima. Chini ya miti wazee wanacheza bao la mashindano, na usidhani utapata nafasi ya kuchungulia, kwa maana kila bao limezungukwa na mafundi kumi wa pembeni wanaojua kete ilipaswa kuwekwa wapi. Usiku ikapigwa goma, wanaume wa kanzu na kofia, bakora mkononi, wamepanga safu na wanakwenda polepole kana kwamba hawana haja na mtu. Halafu kirumbizi. Zumari linalia, wawili wanaingia kati na fimbo, wanachezeana, na ghafla fimbo zinagongana kwa sauti inayokufanya urudi nyuma hatua moja. Haya yote ni bure. Aliyeninong'oneza kuwa kifurushi changu "kinajumuisha ngoma za usiku" aliniuzia hewa.

Siku ya pili, punda.

Anayetaka kujua kwa nini Lamu kuna mbio za punda na si za farasi atembee mjini asubuhi mara moja. Vichochoro ni vyembamba, na mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, soda, hata friji, vyote hupita mgongoni mwa punda. Ndiyo maana mji ule una hospitali yao maalumu mbele ya bahari, tangu mwaka 1987. Kwa hiyo wanaokimbia si punda wa maonyesho. Ni wafanyakazi waliopewa likizo ya asubuhi moja, na si wote wanaoelewa kuwa wako likizoni.

Viti vyetu, nakiri, vilikuwa mahali pazuri sana. Barabara ya ukingoni mwa bahari si pana. Watu wamejipanga pande zote mbili, watoto wamekaa juu ya kuta, wanawake wako madirishani. Mpanda punda hana tandiko. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, na wengine wanapanda pekupeku. Ikasikika kelele upande wa juu, kisha kwato. Si sauti nzito. Ni tiki-tiki-tiki nyingi kwa pamoja, kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Wakatokea. Wa mbele alikuwa punda wa kijivu, masikio yamelala nyuma, na kijana mwenye fulana ya buluu akiwa amemwachia mwenziwe wa pili urefu wa mashua nzima. Watu wameshaanza kumshangilia. Akafika usawa wetu, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, punda akasimama.

Akasimama kabisa. Kijana nusura apite juu ya kichwa chake. Akampiga mbavu kwa visigino, akamsihi, akamtukana, akamwita majina ya mapenzi. Punda amegeuza shingo anautazama mlango wa duka. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, bila hata kucheka, "Hapo ndipo anaposhusha saruji kila siku. Yuamngoja hamali." Wanne wakampita. Alipoamua kwamba leo hakuna mzigo, akaondoka mwenyewe kwa mwendo wa kuudhika na kumaliza wa tano. Nilicheka mpaka ushungi ukaniangukia. Nyota tano, na kama zipo sita, sita.

Sasa mashua.

Ukutani kwenye ngazi za nyumba yetu ya wageni ilibandikwa karatasi ya ratiba waliyoichapisha wenyewe kwa wageni wa kifurushi. Siku ya tatu: "Mashindano ya mashua, saa tatu asubuhi. Wageni wawe gatini saa mbili." Ami aliisogelea na lile jicho lake zuri, akaisoma mara mbili, akauliza, "Nani ameandika haya?" Nikasema wenyeji. Akasema, "Mwenyeji gani? Juzi mwezi umeandama. Hii ni bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Saa tatu maji yatakuwa yanakimbia kutoka, saa nne na nusu utatembea kwa miguu. Hakuna mtu wa Lamu atakayeshindanisha mashua saa hiyo." Nikamwambia, "Ami, imeandikwa." Nayajutia maneno hayo mpaka leo.

Saa mbili tukawa gatini. Wageni sita kwa jumla, wakiwamo vijana wawili wa Nairobi wenye kamera kubwa. Nahodha alikuwa kijana mdogo mpole, na hao wenye kamera wakamtaka akate njia karibu na upande wa kisiwa cha Manda wapate jua nyuma yao. Akakata. Tulikuwa hatujafika hata usawa wa kijiji cha Shela, nikasikia chini ya miguu yangu mkwaruzo wa polepole, kama mtu anavyoburura gunia. Mashua ikatulia. Kijana akashika upondo, akasukuma. Tukasukuma wote. Maji yakawa yanatupita kando kwenda zake, unayaona kwa macho yakishuka ubavuni mwa chombo, na baada ya robo saa tukawa tumekaa upande upande juu ya fungu la mchanga, tumepwelewa.

Na mashindano? Hapakuwa na mashua hata moja. Bahari nyeupe, ndege wawili.

Hapo Ami akaanza kucheka. Wasioijua habari ya Vita vya Shela niwaeleze kidogo. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita watu wa kisiwa cha Pate na wa Mombasa waliungana kwenda kuipiga Lamu, wakateremka Shela. Wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao, na kama wanavyosimulia Waamu, watu wa Lamu, kwa furaha isiyopungua, wakavikuta vyombo vimekaa juu ya mchanga kwa sababu maji yalikuwa yameshatoka. Yaliyowapata hayafai kuandikwa. Mvuvi mmoja alipita kwa mguu mbali kidogo, maji chini ya magoti, wavu begani. Akatusalimu, sabalkheri, akauliza tumetoka wapi. Ami akamjibu Mombasa. Yule bwana akatutazama sisi, akaitazama mashua, akasema, "Wamvita!" yaani watu wa Mombasa, "Tena Shela?" Kisha akaongeza kwa Kiamu chake, "Resi ni alasiri. Mai yakiyaa," yaani maji yakijaa. Akaenda zake.

Tulikaa pale mpaka karibu saa saba. Kijana wa watu alikuwa na chupa mbili za maji kwa watu saba. Nilikuwa na kaimati kwenye mkebe, nikazigawa, na wale wa kamera wakapiga picha za kaa.

Haya, uzuri wa mkosi ule ni kwamba maji yaliporudi yalitunyanyua na kuturejesha gatini kabla ya resi yenyewe. Tukaitazama tukiwa nchi kavu, bila viti, bila kifurushi, tumesimama katikati ya watu. Na hapo ndipo nilipoipata thamani ya safari yangu.

Sijui kama kuna mahali pengine pa kutazamia pazuri zaidi ya kando ya mtu anayejua. Mimi naona matanga meupe tu. Ami anaona watu. "Yule tanga lake jipya, bado halijanyooka, tazama linavyopiga makunyanzi juu. Yule wa kiraka ndiye." Mashua zinapanda juu ya upepo, watu wamejazana upande mmoja, mmoja ametokezwa nje kabisa juu ya ubao, makalio karibu yanagusa maji, ili uzito wake uzuie chombo kisilale. Ikifika saa ya kubisha, yaani kugeuza chombo upepo uje upande wa pili, lazima foromali, ule mti unaobeba tanga, ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, tanga lote lizunguke, na wote wakimbie ng'ambo kwa pamoja bila kukanyagana. Hapo ndipo mashindano hupotea au hupatikana. Lile tanga jipya lilikuwa mbele likachelewa kugeuka, kama muda wa kuvuta pumzi tatu, likabaki linapigapiga. Kiraka kikapita chini yake. Gati zima likapiga kelele. Ami hakupiga kelele. Alikuwa amenishika mkono, na kila walipobisha vidole vyake vilikuwa vinabana na kuachia, kama anayevuta kamba. Aliyeshinda alikuwa wa kiraka.

Nimewahi kwenda Lamu kwa Maulidi, ule wa Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, unaofanyika Mfungo Sita. Nao huwa na mbio za punda na michezo. Nikilinganisha, Maulidi una watu wengi zaidi na moyo zaidi, unakwenda kwa ibada na unalishwa hata hukuomba. Lakini vyumba hujaa mapema mno, na mtu wa miaka sabini na nane atasongwa kwenye zefe, yale maandamano ya Maulidi. Kwa mzee, tamasha hili la Novemba ni jepesi. Ila kifurushi usinunue. Chukua chumba peke yake. Ngoma ni bure, punda ni bure, resi ni bure, na mtu wa kukueleza resi huanza saa ngapi yuko gatini kila asubuhi akipanga nyavu.

Usiku ule nilizungumza na mwenye nyumba. Hakunibishia. Alikwenda akaitoa ile karatasi ukutani, akanionyesha: ni ya mwaka uliopita, wamebadilisha tarehe tu. Mwaka uliopita siku hiyo maji yalikuwa yamejaa saa tatu. Akanirudishia elfu tatu na kuniomba radhi, kisha akamwomba Ami amwandikie saa za maji za wiki nzima. Ami akaandika kwa mkono wake nyuma ya karatasi ileile, polepole, na kuibandika mwenyewe.

Katika zile elfu tatu, mia nane nilinunua halua ya kupelekea nyumbani. Tuliimaliza kabla hatujafika Witu.