Mpira usioogopa miiba ya mgunga

Nafundisha watoto kandanda jioni hapa Chamwino, Dodoma, na kiwanja chetu kimezungukwa na migunga. Mipira ya msaada tuliyoletewa zamani ilikuwa ya kung'aa, ila bila pampu wala sindano. Miwili ilitoboka siku ya kwanza, watoto wakarudi kwenye chandimu cha soksi na mifuko.

Mwaka jana tukapewa mpira uitwao One World Futbol. Huu haujazwi upepo kabisa. Aliyeubuni ni Mmarekani Tim Jahnigen, baada ya kuona watoto wa Darfur, Sudan, wakicheza na takataka zilizofungwa kamba. Mwanamuziki Sting akagharimia mpira wa kwanza wa majaribio. Wetu nimeuchomoa mwiba wa urefu wa kidole changu, tundu likabaki, mchezo ukaendelea! Ukiukanyaga unabonyea, ukiinua mguu unarudi umbo lake. Mdundo wake si ule wa mpira wa ngozi, lakini wiki moja ilitosha kuuzoea.

Wewe unayetaka kuchangia vifaa, tafadhali uliza kwanza kiwanja kikoje. Sisi sasa tunahitaji viatu, namba 34 hadi 37. Wasichana wanne bado wanapokezana jozi moja.