Kebo ya balansi niliyotengenezewa Mikindani, na adapta niliyoirudisha dukani

Hedifoni yangu ya Sennheiser HD 600 ilikuwa na kebo yake ya kawaida hadi mwaka jana, nilipopata kicheza muziki kidogo chenye matundu mawili: la milimita 3.5 tulilolizoea kwenye simu, na la milimita 4.4 ambalo ni la balansi, yaani lenye njia zake za umeme kwa kila sikio. Kwa kuwa pini yangu haikuingia katika tundu la pili, nilianza kutafuta namna ya kuviunganisha hapa hapa Mtwara, na maoni haya yanahusu vitu viwili nilivyolipia: adapta kutoka duka moja la vifaa vya simu mjini, na kazi ya fundi redio mmoja wa Mikindani.

Adapta ile ilikuwa na tundu la 3.5 upande mmoja na pini ya 4.4 upande wa pili, kwa shilingi 18,000. Muuzaji alinihakikishia kwamba inaingia kila mahali, na ni kweli inaingia, lakini ubaya wake huanza baada ya kuingia. Pini ya kawaida ya hedifoni ina sehemu tatu: chanya ya sikio la kushoto, chanya ya sikio la kulia, na hasi moja inayotumiwa na masikio yote mawili. Katika balansi kila sikio lina chanya na hasi yake, na hasi hiyo si njia ya kurudishia umeme tu, kwani nayo husukumwa na amplifaya yake yenyewe, kinyume na chanya. Ukipitisha hedifoni ya pini ya kawaida kwenye adapta ya namna hii, hasi ya kushoto na hasi ya kulia zinakutana, amplifaya mbili zinasukumana, na hiyo ndiyo shoti. Kifaa chenye kinga kinaweza kujizima. Kisicho na kinga kinaweza kuungua, na aliyekiunguza atabaki akilaumu hedifoni.

Niliirudisha bila kuitumia. Muuzaji alinung'unika kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, mbona wengine hawalalamiki?" Hata hivyo alikubali kunibadilishia na ya mwelekeo wa kinyume, yenye tundu la 4.4 na pini ya 3.5. Hiyo haina madhara, kwa sababu inaziunganisha hasi mbili za hedifoni mahali ambapo kifaa chenyewe kina hasi moja tu. Kwa macho adapta hizi mbili zinafanana kama mapacha, na pale dukani zilikuwa zimechanganywa katika kisanduku kimoja bila maelezo yoyote, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uzembe.

Kwa fundi mambo yalikuwa tofauti. Kabla ya kutaja bei alichomoa kebo, akaona kwamba inaingia katika kila sikio peke yake kwa pini ndogo mbili, akasema hii inawezekana. Hedifoni ambazo kebo yake huingia sikio moja tu mara nyingi huwa na nyaya tatu, na hizo haziwi za balansi mpaka zifunguliwe ndani. Pini mpya ya 4.4 aliiagiza Dar es Salaam, ikaja na basi, kisha akakata ile ya zamani mbele yangu. Nyaya zilizotokeza zilikuwa nne, nyembamba kama nywele na zimepakwa vanishi, hivyo ilimbidi aiunguze vanishi hiyo kwanza ili risasi ya kuungia ishike. Aliunga zote nne kwa utulivu mkubwa, akapuliza, akaitazama kazi yake kwa kuridhika, ndipo akagundua kwamba kifuniko cha pini bado kiko mezani. Kifuniko hicho hupitishwa kwenye kebo kabla ya kuunga. Alicheka, akafumua zote, akaanza upya, wala hakuniongezea senti.

Kilichonifanya nimwamini ni upimaji. Alishika tesita, akapima chanya na hasi ya sikio la kushoto, ikasoma kiasi kisichopishana sana na omu 300 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizotajwa na watengenezaji. Sikio la kulia likatoa jibu lilelile. Kisha akagusa hasi ya kushoto na hasi ya kulia kwa pamoja, na tesita ikakaa kimya. Ukimya huo ndio unaotakiwa, na mtu yeyote anayenunua kebo ya balansi aombe apimiwe hivyo kabla ya kulipa. Kazi yote pamoja na pini iligharimu shilingi 45,000.

Kuhusu sauti, nitasema nilichokisikia. Tundu la balansi linaweza kutoa volti hadi mara mbili ya lile la kawaida, kwa hiyo siku ya kwanza nilishusha sauti hadi chini kabisa ndipo nikachomeka, na nashauri kila mtu afanye vivyo hivyo kwa usalama wa masikio yake. Nguvu imeongezeka, na hedifoni hii nzito kuendesha inaihitaji. Lakini nilipojaribu kusawazisha ukubwa wa sauti katika matundu yote mawili, lile la 3.5 kwa kutumia adapta niliyobadilishiwa, nikisikiliza taarabu ileile mara kadhaa, sikuweza kutofautisha kwa uhakika.

Lawama yangu pekee kwa fundi ni kwamba hakunipa kitu cha kufunikia pini, na hewa ya chumvi ya huku pwani haioni haya: baada ya miezi minne imeanza kupata madoa, nami huifuta kwa kitambaa chenye spiriti kila Jumapili.