Kexec kwenye mashine yenye Secure Boot, uzoefu wangu

Mi kexec, zana ya Linux ya kuwasha keneli (kiini cha mfumo) mpya bila kurestati mashine nzima, nimeitumia miaka, toka enzi za seva za BIOS, famwea ya zamani, na niliipenda kwa jambo moja tu, inaruka famwea, ile programu ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya mfumo. Seva ya ofisini ukiirestati kawaida inakaa dakika sita hivi inahesabu RAM, inaamsha diski moja moja, na huku watu wanapiga simu "mfumo vipi?" Kwa kexec keneli iliyopo inapakia mpya kwenye memori halafu inaiachia usukani, nusu dakika huduma zimerudi.

Sasa ikaja mashine mpya, nikaweka Debian 12, Secure Boot (famwea kukubali tu programu zenye sahihi ya kidijitali) imewashwa, skripti yangu ya zamani nikaihamisha vilevile. Usiku wa apdeti naambulia "Operation not permitted". Mi ndo root, msimamizi mwenye ruhusa zote, nani tena ananikatalia?? Kucheki dmesg (ujumbe wa keneli), kumbe ni lockdown, kufuli la keneli linalombana hata root Secure Boot ikiwa imewashwa.

Nilitaka kuzima Secure Boot nikalale zangu. Ila ukitulia unaona jamaa wana hoja, maana famwea inakagua sahihi ya shim (programu ya kwanza kuwashwa), GRUB (inayopakia keneli) haiingii bila sahihi, keneli haiingii bila sahihi, halafu mtu aliyeshika root anakuja na kexec anapandisha keneli yake ya kuokota, hapo ukaguzi wote wa mwanzo ulikuwa wa nini? Tatizo ni njia ya zamani, kexec_load, ambayo keneli inaletewa vipande programu imeshavipanga yenyewe, haina hata faili la kukagua. Njia ya pili, kexec_file_load, ilikuja na Linux 3.17 mwaka 2014, unaikabidhi keneli faili lenyewe na yenyewe ndo inakagua sahihi kabla ya kukubali. Lockdown nayo ikaingia rasmi kwenye 5.4 mwaka 2019. Dawa yangu ilikuwa herufi moja, nimetoa -c (njia ya zamani) nimeweka -s (njia ya pili), basi, keneli ya Debian ikapita bila maneno.

Kilichonitoa jasho ni keneli niliyojijengea mwenyewe kwa ajili ya kadi ya netiweki. Haina sahihi, ikatupwa nje, na ni haki yake. Nikatengeneza ufunguo, nikaisaini kwa sbsign, ufunguo nikauingiza kwenye orodha ya funguo zinazoaminika kwa mokutil --import, na hapa ndo utacheka, ufunguo haukubaliki mpaka urestati kabisa ukae mbele ya mashine ujaze paswedi kwenye skrini ya bluu ya MokManager. Yani ili nikwepe dakika sita ilibidi niende chumba cha seva usiku kuzikalia hizo dakika sita 😂 Lakini ni mara moja tu, na nimeelewa kwa nini, mwizi wa mbali hawezi kujiongezea ufunguo.

Malalamiko yangu ni ule ujumbe wa kosa, ungetaja tu kwamba shida ni sahihi (signature) ningeokoa saa nzima. Na mnaofungua diski kwa TPM (chipu ya usalama inayotunza funguo) muwe macho, kexec hairudishi mwanzo PCR, yaani sehemu za TPM zinazohifadhi vipimo vya kilichowashwa, zinabaki na vipimo vya buti ya kwanza, kwa hiyo usidhani TPM imeiona keneli yako mpya.

Skripti sasa ina -s kila mahali, isipokuwa kwa ile seva kuukuu ya BIOS, hiyo nimeiachia -c yake.