Uzoefu wangu na programu ya kupima spidi na kii ya wimbo, nilipoipa Largo ya Dvořák

Habari wakuu. Mi napiga kinanda na kufundisha kwaya hapa Mtwara mjini, upande wa Shangani, sasa kipindi cha kusi tulifiwa na mzee wetu wa besi, mtu kaimba sauti ya nne toka mi sijazaliwa, na kulikuwa na muziki mmoja aliupenda kuliko yote, ile sehemu ya pili ya simfoni (muziki mrefu wa okestra) namba 9 ya mtunzi Dvořák, inaitwa Largo. Alikuwa nayo kwenye kaseti. Tukakubaliana arobaini yake tuiimbe, bila maneno, mmm tu.

Nota sina, nna simu na rekodi ya dakika kama 12 hivi. Ndo nikashusha programu moja (jina naliacha), unaipa wimbo yenyewe inakwambia spidi, kii (yani doh ya wimbo iko wapi, na kama ni mejo, ile ya kung'aa, au maina, ile ya majonzi) na mudi, yani hisia yake. Nililipia elfu tano ya mwezi. Kwa bongofleva na nyimbo za kwaya zenye ngoma iko vizuri kabisa, nimeijaribu na nyimbo kama kumi haikukosea hata moja, na haili bando.

Nikaipa Largo. Ikaleta mapigo 92 kwa dakika, kii C shapu mejo, mudi huzuni.

Nikaamini, nikaseti kinanda 92, jioni mazoezini tukaanza. Jamani. Mistari miwili tu mama mmoja wa sauti ya kwanza akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona tunakimbia, kwani tunamzika tena?" Nikasimamisha. Usiku nikakaa na saa ya ukutani, nikahesabu mwenyewe kwa kidole pale tuni inapoanza, nusu dakika nikapata 23. Yani ni 46, programu imezidisha mara mbili! Na nimeelewa kwa nini, yenyewe inatafuta kitu kinachogonga, ngoma au besi gitaa, pale hakuna kinachogonga, kuna vinanda vya nyuzi vimeshikilia sauti ndefuu chini, basi inashika nusu pigo inadhani ndo pigo. Dvořák mwenyewe aliandika 52, ila wanaoongoza okestra wengi wanaivuta zaidi ya hapo, na ukiisikiliza unaona hata hiyo 46 haitulii, mwisho wa mstari inalegea kidogo kama mtu anavuta pumzi, namba moja haiwezi kukuonyesha hicho kitu.

Kii nayo. C shapu na D flati kwenye kinanda ni kitufe kilekile, sawa, ila muziki umeandikwa D flati mejo, flati tano, ukifuata ile ya programu unaandika shapu saba, hakuna mwanakwaya atakuelewa. Wa solfa haiwasumbui, doh ni doh. Tuni inaanza mi soh soh, mi re doh, re mi soh mi re, mistari ya mwanzo haina fa wala ti, ndo maana hata mtoto akiisikia mara moja anaishika. Halafu kuna kitu programu haikugusa kabisa, simfoni kwa jumla iko E maina, na Largo inafunguliwa na tromboni (ndugu mkubwa wa tarumbeta) na wenzake kwenye E mejo, wanashuka hatua chache tu ghafla uko D flati, ni kama umetoka juani ukaingia ndani ya nyumba yenye baridi. Katikati inageuka maina na inakimbia kidogo. Programu inakupa kii moja kwa dakika zote 12.

Kwenye mudi ndo nimekwazika zaidi. Huzuni? Hii ni mejo wakuu. Tuni inapigwa na cor anglais, chombo cha mbao cha kupuliza, mdomoni kina vipande viwili vya tete, ukoo mmoja na zumari letu la pwani ila sauti yake ni ya chini, nene, kama mtu mzima anajisemea mwenyewe jioni. Ile ni hamu ya kwao. Dvořák aliandika 1893 akiwa New York, mkuu wa chuo cha muziki, kwao Bohemia kuko ng'ambo ya bahari, na mwanafunzi mmoja pale chuoni, Harry Burleigh, Mmarekani mweusi, alikuwa akimwimbia nyimbo za dini za watu weusi. Mzee wetu siku zote alituambia hii tuni ni wimbo wa zamani wa watumwa, nami nilijua hivo miaka yote, kumbe tuni ni ya Dvořák mwenyewe, yale maneno ya "Goin' Home", ya kurudi nyumbani, yanayoimbwa kwa tuni hii, mwanafunzi wake mwingine, William Arms Fisher, aliyaweka 1922. Natamani ningemwambia mzee, tungebishana mpaka usiku.

Kwa hiyo programu naipa nyota mbili, ya muziki wenye ngoma lipia, ya okestra ya polepole tumia saa na kidole. Mi nimeshaifuta.

Arobaini tuliimba kwa mkono wangu bila mdundo wa kinanda. Kuna sehemu karibu na mwisho vyombo vinabaki vichache, tuni inakatika katikati ya mstari, kimya, inaanza tena, inakatika tena, tulifanya vilevile na kanisa zima hakuna aliyekohoa. Nota ya mwisho kabisa Dvořák kawaachia wapigaji wa besi kubwa za nyuzi peke yao, wamegawanyika sauti nne, taratibu sana. Besi wetu sasa wamebaki watatu. Ile ya nne nikaishika mimi kwenye kinanda, D flati ya chini, kidole kimoja, mpaka wenzangu pumzi zikaisha.