Uzoefu wangu wa kuchora spektra za tungamo kwa spectrum_utils

Kwa muda sasa nimekuwa nikichora spektra za tungamo, yaani grafu za vilele zinazoonyesha ioni za sampuli na wingi wake, kwa spectrum_utils, maktaba ya Python isiyolipiwa na yenye msimbo ulio wazi, na ningependa kuwaeleza wenzangu wa maabara ambao bado wanapiga picha ya skrini ya programu iliyokuja na mashine na kuibandika kwenye ripoti. Picha ya namna hiyo hairekebishiki msimamizi anapotaka herufi kubwa zaidi, ilhali kwenye msimbo hubadilishwa mstari mmoja tu, na grafu zote zikachorwa upya.

Ieleweke mapema kwamba maktaba hii haifungui faili la mzML, muundo wa kuhifadhia data ya spektra. Mimi hulisoma faili kwa Pyteomics, maktaba nyingine ya Python, kisha nikaikabidhi spectrum_utils orodha ya thamani za m/z (tungamo la ioni likigawanywa kwa chaji yake) na ile ya ukali wa vilele, pamoja na m/z na chaji ya ioni mama, yaani ioni kabla haijavunjwa vipande. Anayetarajia kubofya faili na kuona grafu papo hapo atakata tamaa. Vilevile, data ambayo kila kilele chake bado ni mkusanyiko wa nukta nyingi ipitishwe kwanza kwenye msconvert, programu inayoweza kukifanya kila kilele kuwa nukta moja, la sivyo kila nukta itachorwa kijiti chake na kilele kimoja kitaonekana kama ua wa makuti.

Kilichonishawishi kabisa ni grafu ya kioo, ambapo spektra ya sampuli husimama juu ya mhimili na ile ya marejeo huning'inia chini yake. Nilipolinganisha kafeini ya majani ya chai na kafeini safi, ioni mama ya m/z 195.0877 na kipande cha 138.0662, ambacho hubaki molekuli inapopoteza methili isosianeti yenye tungamo la 57.0215, vilikaa uso kwa uso, na hapakuwa na haja ya jedwali. Majina ya vipande niliyaandika mwenyewe kwa amri za kawaida za Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, kwa kuwa grafu inayotoka ni ya Matplotlib. Wanaoshughulika na protini wana nafuu zaidi: wakiandika mfuatano wa peptidi kwa mtindo wa ProForma, kanuni ya kuandika mifuatano hiyo, ioni za b na y (vipande vyenye mwanzo na vyenye mwisho wa peptidi) hupewa rangi na majina zenyewe, kwa kiwango cha kosa wanachokichagua, tuseme 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni), ambayo kwenye m/z 500 ni 0.005.

Uchujaji ndio unaotaka uangalifu. Ukiagiza vilele vilivyo chini ya asilimia 5 ya kile kirefu kuliko vyote viondolewe, grafu husafika, lakini kipande cha kafeini cha 110.0713, ambacho huwa kifupi nishati ya kuvunja molekuli ikiwa ndogo, kinaweza kutoweka pamoja na kelele. Kuchora kwa kipeuo cha pili cha ukali hurefusha vilele vifupi bila kuvifuta, na mimi hupendelea njia hiyo, mradi lebo ya mhimili wima iseme wazi kwamba namba hizo si za ukali halisi.