AnkiDroid kwa Kukariri Anatomia: Inafaa, Ila Kadi Zako Ndizo Zitakuangusha

Wadau, hasa nyie wa uuguzi na utabibu hapa Tanga mnaoshinda na vitini mkononi pale hospitali ya Bombo, leo tunaichambua AnkiDroid, programu ya simu ya kukariri kwa kadi za maswali na majibu. Kwenye Android ni bure, na kusoma kadi hakuli bando. Wa iPhone yenu inaitwa AnkiMobile, mtailipia dola 24.99, mara moja tu. Soma jina vizuri unapopakua. Za kuigiza zipo.

Haya, tuchukue mifupa 8 ya kifundo cha mkono. Wengi wanaandika swali moja, "itaje yote", na jibu ni majina manane. Ukisahau trapezoidi peke yake, kadi nzima inarudi, unarudia hata skafoidi unayoijua. Usifanye hivyo. Piga picha mchoro, chagua kadi ya kuziba picha (Image Occlusion), kila jina lifunike. Picha moja inakuzalia kadi 8. Utaulizwa ufiche yote au moja: ficha yote. Ukificha moja, yale 7 yaliyobaki yanakuuzia jibu.

Kisha weka picha ya upande wa nyuma, la sivyo utakariri mchoro badala ya mkono. Na hapo hapo jiguse! Kile kigumu kidogo kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ndiyo pisifomu. Inua dole gumba juu: kwenye kile kishimo kinachojitokeza, chini yake imelala skafoidi.

Sasa vitufe. Umesahau? Bonyeza cha kushoto kabisa. Cha pili ni cha aliyekumbuka kwa shida, lakini hata waliosahau wanakibonyeza kwa kujionea huruma, programu inahesabu umepata, kadi inasogezwa mbele. Halafu unashangaa kwenye mtihani.

Kadi mpya huja 20 kwa siku. Punguza ziwe 10, maana marudio yanalimbikizana. Kadi ukiisahau mara 8 inawekewa alama ya kadi sumbufu (leech), na kutegemea mipangilio yako inaweza kusimamishwa yenyewe. Usiiache ilivyo, igawe mbili.

Inapopwaya ni kwenye mpangilio: nini kinapita juu ya nini. Neva ya midiani na kano 9 zinapita pamoja kwenye handaki la kapali, ile njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Hilo kadi haikufundishi. Chora kwa penseli, ufute, uchore tena bila kuangalia, ndipo uutengenezee mchoro huo kadi.